Kifaru cha Mezani Kinapotakiwa Kutembea

Leo naanza na swali: nani aliyeamua kuwa iwe 35?

Nauliza kwa sababu ukiingia duka lolote la modeli za plastiki, liwe la Tokyo au la London, utakuta rafu nzima ya vifaru, na karibu kila boksi limeandikwa 1/35. Maana yake sentimita 35 za kifaru halisi zimekuwa sentimita 1 kwenye modeli. Ndege nazo zina namba zake, 1/72 na 1/48, na hizo hesabu yake inaeleweka: kwa watu wanaopima kwa futi, inchi moja inasimama badala ya futi sita, au futi nne. Lakini 35? Haikai vizuri kwa futi, wala haikai vizuri kwa mita.

Jibu liko Shizuoka, Japani, kwenye kampuni ya Tamiya. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1946 kwa kazi ya kupasua mbao, ikaingia kwenye modeli za mbao, na mwaka 1960 ikatoa modeli yake ya kwanza ya plastiki, meli ya kivita Yamato. Haikuuzika vizuri. Muda si mrefu wakajaribu kifaru, Panther cha Wajerumani. Shunsaku Tamiya, aliyekuja kuiongoza kampuni, ameeleza katika kitabu chake kwamba Panther yule alikusudiwa atembee kwa mota, kwa hiyo ukubwa wake ulipangwa kwa kuangalia betri. Tumbo lilitakiwa litoshe betri mbili, basi. Panther akauzika mno. Walipotaka kutengeneza vifaru vingine vya ukubwa uleule ndipo wakapima, wakakuta ni kama sehemu ya 35 ya kile cha kweli. Wengine wengi duniani wakafuata.

Kwa hiyo 35 ni saizi ya betri. Nimeanza na hilo makusudi, maana kuna watu, tena mafundi wazuri kweli, wanaoona kwamba kuchukua modeli ya kifaru na kuitia mota na rimoti ni kuivunjia heshima, kuishusha kutoka kabati la kioo hadi kapu la midoli. Mimi naona aliyeigandisha kwa gundi ndiye aliyebadilisha mambo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tamiya ilianza kuuza askari wadogo wa kusimamisha kando ya vifaru, watu wakavutiwa na kutengeneza mandhari za vita, na mandhari haihitaji mota. Mota ikatoka kwenye boksi. Kalibu za kumiminia plastiki zikabaki zilezile, na ndiyo maana seti nyingi za zamani, ukizifungua hata leo, utakuta matundu chini ya tumbo la kifaru: hapa palikuwa pa swichi, hapa pa skrubu za giaboksi. Watengenezaji wa modeli za maonyesho huyaziba kwa vipande vya plastiki huku wakinung'unika. Sisi wa upande wa pili tunayashukuru.

Sasa mtu ataniuliza, kwa nini usinunue kifaru cha rimoti kilichokamilika? Vipo. Tamiya hao hao walitoa kifaru cha Sherman cha rimoti cha skeli ya 1/16 mwaka 1974, na hicho kilikuwa chombo chao cha kwanza cha rimoti, kabla ya magari ya mashindano yaliyowapa jina. Siku hizi Wachina wa Heng Long wanauza vya 1/16 kwa bei nafuu zaidi, vinatoa moshi na mlio. Lakini kifaru cha Tiger cha skeli hiyo, ukipima na mzinga wake, kinapita nusu mita. Hicho ni cha uwanjani. Cha 1/35 mwili wake ni sentimita 18 hivi, kinaishi mezani, kinapita katikati ya vitabu na vikombe. Na raha yenyewe imo katika kukitafutia nafasi kila kitu ndani ya chombo kidogo namna hiyo.

Nitashika Tiger I cha Wajerumani kama mfano, kwa sababu ndicho kifaru kinachouzwa kuliko vingi kwenye maduka ya modeli, na kwa sababu kinatukutanisha na ugumu wote kwa pamoja. Kile maarufu kuliko vyote, namba 131, kilitekwa na Waingereza huku kwetu Afrika, Tunisia, Aprili 1943, na leo kipo kwenye jumba la makumbusho la vifaru la Bovington, Uingereza, na kinatembea. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua Tiger anavyokwenda hana haja ya kubuni. Aangalie video zake. Kitu cha kwanza atakachokiona ni kwamba haendi kwa kasi.

Hapo ndipo kazi inapoanzia. Wengi wanaoingia kwenye jambo hili huwaza redio kwanza. Nitasema kitu ambacho huenda kikawaudhi mafundi wenzangu wa mitambo ya mawimbi: redio ndiyo sehemu rahisi. Kutembea ndiko kugumu.

Tupige hesabu kidogo, msiogope. Tiger barabarani alifika kilomita 38 kwa saa baada ya injini yake kufungiwa kikomo ili isiharibike. Hiyo ni kama mita 10 na nusu kwa sekunde. Gawa kwa 35, unapata sentimita 30 kwa sekunde. Huo ndio mwisho wake, mguu ukiwa umekanyaga mafuta yote barabarani. Porini, kilomita 20 kwa saa, ni sentimita 16 tu. Sasa, sproketi ya mbele inayovuta cheni ya modeli ina kipenyo cha takriban milimita 24, kwa hiyo kila ikizunguka mara moja kifaru kinasogea sentimita saba na nusu. Ili upate sentimita 30 kwa sekunde, sproketi izunguke mara nne, yaani mara 240 kwa dakika. Kwa mwendo wa porini, nusu ya hapo.

Mota ndogo ya kwenye gari la mtoto huzunguka maelfu kwa maelfu kwa dakika. Ukiifunga moja kwa moja kwenye sproketi, ama haitasukuma chochote, ama kifaru kitaruka mezani kama panya aliyemwagiwa maji. Lazima pawe na gia za kupunguza. Tamiya wanauza giaboksi yenye mota mbili, kila mota na upande wake, na unaweza kuchagua gia zipunguze mara 58 au mara 203. Ni kitu kizuri na cha kujifunzia, ila ni pana, milimita 75, nayo Tiger wa 1/35 kati ya cheni na cheni tumboni ana kama milimita 50. Haiingii bila kukata. Wengi sasa wanatumia zile mota nyembamba zinazoitwa N20, ambazo zina giaboksi ya chuma imeunganishwa mbele, upana milimita 12 kwa 10, zinazotumika kwenye roboti za wanafunzi. Unaagiza yenye kasi unayotaka. Muuzaji anakuuliza mizunguko mingapi kwa dakika, na wewe tayari una jibu, umeshapiga hesabu.

Ushauri wangu ni kununua ya kasi ndogo kuliko tamaa yako inavyokuambia. Modeli inayokimbia, hata iwe imepakwa rangi kwa ustadi wa namna gani, jicho linaikataa mara moja. Tani 57 za Tiger hazikurupuki.

Na hilo la tani 57 lina hesabu yake ya pili, ambayo huwashangaza watu. Ukipunguza urefu mara 35, uzito unapungua mara 35 kwa 35 kwa 35, kwa sababu umepunguza urefu, upana na kimo. Hiyo ni mara 42,875. Tani 57 zikigawanywa hapo zinabaki kilo 1 na gramu 300 na kidogo. Modeli ya plastiki ikiwa na mota na betri haifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo kifaru cha plastiki ni chepesi mno kwa umbo lake, kinadundadunda juu ya penseli badala ya kuipanda kwa utulivu, na cheni zinateleza sakafuni. Dawa ni madini ya risasi. Chubwi za wavuvi zinafaa sana: unazipanga chini kabisa ya tumbo, katikati, unazishika kwa gundi ya epoksi. Uzito ukiwa juu hausaidii, na ukizidi nyuma pua itainuka kila unapoondoka.

Kabla ya uzito lakini, kuna msuguano. Seti ya plastiki imetengenezwa isimame. Magurudumu yake huingizwa kwenye vijiti vya plastiki, plastiki juu ya plastiki, na mafundi wa modeli za maonyesho huyagundisha wala hawajali. Tiger wa matoleo ya mwanzo ana ekseli nane kila upande, na kila ekseli ina magurudumu matatu yaliyopishana na ya jirani. Ndiyo, 48 jumla. Wajerumani waliyapanga hivyo ili uzito ugawanyike juu ya ardhi laini, na askari wao wakalaani mpango huo kila tope lilipoganda katikati ya magurudumu wakati wa baridi ya Urusi. Wewe hutakuwa na tope lililoganda. Utakuwa na magurudumu 48 ambayo kila moja likigusa mwenzake kidogo tu, mota zako mbili zitalia bila kusogea.

Hapa hapana njia ya mkato. Kila ekseli inachongwa tundu, inaingizwa tyubu ya shaba ya manjano iwe bushi, na gurudumu linazunguka juu ya pini ya chuma. Unajaribu upande mmoja kwanza kabla ya kufunga mwingine. Kipimo wanachotumia wenye uzoefu ni rahisi: weka modeli bila mota juu ya ubao, inua ubao upande mmoja taratibu. Ikiteremka yenyewe mapema, uko vizuri. Ikingoja mpaka ubao umesimama, rudi mezani. Na mkiweka mafuta, wekeni grisi ya silikoni. Mafuta ya kawaida ya mashine yanaweza kuila plastiki hii, ambayo ni polistirini, na utashangaa miezi baadaye vijiti vinakatika vyenyewe.

Wenye moyo hutengeneza pia springi. Kifaru cha kweli kina nondo za chuma zilizopita chini ya sakafu kutoka upande hadi upande, gurudumu likipanda nondo inajisokota na kulirudisha. Kwenye modeli nyuzi nene za gitaa zinafanya kazi hiyo hiyo kwa kanuni hiyo hiyo, ingawa kuipata nguvu sawa kwa ekseli zote kunachosha. Kama kifaru chako kitatembea juu ya meza na zulia tu, msijisumbue. Fungeni ekseli za mwisho mbele na nyuma, za katikati ziacheni zicheze kidogo.

Twende kwenye cheni, maana hapo ndipo modeli nyingi hufia.

Seti za zamani zilikuja na cheni za plastiki laini kama mpira, mkanda mmoja kila upande, unaounganishwa kwa kuyeyusha vijipini vyake kwa ncha ya bisibisi iliyopashwa moto. Kiungo hicho kinatosha kwa kabati. Kwa kutembea kitafumuka, kwa hiyo kishonewe kwa mshipi wa kuvulia au waya mwembamba. Tatizo lingine ni kwamba mikanda hiyo mara nyingi ni mifupi, inabana, na kubana kwake kunavuta sproketi na gurudumu la nyuma kuelekeana hadi ekseli zinapinda. Betri inaisha kwa kupigana na mkanda wenyewe. Seti mpya nyingi zina cheni za plastiki ngumu za kugundisha kipande kwa kipande, na hizo kwa kazi yetu hazifai kabisa, zitupeni kwenye kopo la vipuri.

Zinazofaa ni cheni za vipande vinavyojikunja, kila kipande na pini yake. Za plastiki zipo. Za chuma laini zinazojulikana zaidi ni za Friulmodel wa Hungaria. Cheni ya Tiger ina vipande 96 kila upande, na kila kimoja kinataka kusafishwa tundu, kupitishiwa waya, kukatwa waya na kutiwa tone la gundi. Hiyo ni kazi ya kufanya ukisikiliza redio, nami kwa hilo siwezi kulalamika. Lakini malipo yake ni makubwa. Tiger hana vigurudumu vya kubebea cheni juu. Cheni inalala juu ya magurudumu yenyewe na kulegea katikati, na ile ya chuma inalegea kwa uzito wake hasa kama inavyopaswa. Juu ya hapo, uzito mliokuwa mnautafuta kwa chubwi, sehemu yake imekuja yenyewe, tena chini kabisa unakotakiwa.

Ila chuma kina njaa yake. Sproketi ya plastiki ikivuta cheni ya chuma itang'oka kwenye ekseli ya mota. Ekseli ya N20 ni ya milimita 3 na ina upande mmoja bapa. Usitegemee gundi peke yake: chonga kitovu cha shaba, kikaze kwenye huo ubapa kwa skrubu ndogo, halafu sproketi ndiyo igundishwe kwenye kitovu kwa epoksi. Gundi ya modeli haitashika hapo, kwa sababu inafanya kazi kwa kuyeyusha plastiki na shaba haiyeyuki.

Basi, mtu akifika hapo kifaru chake kikatembea kwa waya mbili na betri, kwa utulivu, kwa mstari ulionyooka, amemaliza theluthi mbili ya kazi. Redio inayofuata ni ya alasiri moja.

Haikuwa hivyo zamani. Nikola Tesla alipoonyesha mashua yake ya kuongozwa kwa mawimbi New York mwaka 1898, watu hawakujua waite nini walichokiona. Wasovieti walikuwa na vifaru vya T-26 visivyo na watu, vilivyoongozwa kwa redio kutoka kifaru kingine kilichofuata nyuma, na wakavitumia dhidi ya Finland majira ya baridi ya 1939 kuingia 1940. Wajerumani nao walikuwa na gari la cheni, Borgward IV, lililobeba kilo 450 za baruti: dereva analifikisha karibu, anashuka, kisha linaongozwa kwa redio hadi kwenye ngome ya adui. Na mwaka 1944, katika kikosi kimojawapo cha kazi hiyo, aliyekaa nyuma na kuliongoza alikuwa ndani ya Tiger. Kwa hiyo Tiger na rimoti walifahamiana mapema. Tofauti ni kwamba wakati ule yeye ndiye aliyeishika.

Kwenye modeli, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 mlihitaji mitambo ya 27 au 40 megahatsi yenye fuwele za kubadilisha. Wimbi la 27 megahatsi lina urefu wa mita 11, kwa hiyo hata antena ya robo wimbi ingekuwa karibu mita tatu. Ndiyo maana rimoti zile zilikuwa na ule mlingoti wa kuvuta, na bado ulikuwa mfupi kuliko unavyotakiwa. Watu wawili wakiwa na fuwele moja uwanjani, kifaru cha huyu kilitii kidole cha yule. Tangu katikati ya miaka ya 2000 mambo yamehamia 2.4 gigahatsi, ambako rimoti na risiva hujuana kwa namba maalumu. Wimbi lake ni sentimita 12 na nusu, robo yake milimita 31. Fikirini: Tiger wa kweli alikuwa na antena ya fimbo ya mita 2, ambayo kwenye modeli inakuwa milimita 57. Antena inayofanya kazi kweli ni fupi kuliko ile ya pambo! Ifichwe popote, ila isibanwe kati ya betri na cheni za chuma.

Unahitaji vitu vitatu: risiva, saketi ya kuendesha mota mbili, na betri. Zinauzwa risiva ndogo kama ukucha zenye vyote viwili vya kwanza ndani yake, na hizo ndizo za kuchagua kama pesa ipo. Asiye nazo anaweza kutumia bodi ya ESP32, ambayo ina Bluetooth, akaongozea simu au kidhibiti cha mchezo wa video. Bodi hizi na mota za N20 ndizo wanafunzi wa uhandisi wa hapa kwetu wanazofanyia miradi, kwa hiyo ukizunguka maduka ya vipuri vya elektroniki Luthuli Avenue, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, si maneno ya kigeni. Seti ya plastiki yenyewe ndiyo itabidi iagizwe. Kwa saketi ya mota, achaneni na ile kubwa ya L298N inayouzwa kila kona; inapoteza kama volti mbili njiani, na kwa betri ndogo volti mbili ni nyingi. DRV8833 ni ndogo, inaanzia volti 2.7 hadi 10.8, na inamudu mota zote mbili.

Halafu kapasita. Mota za burashi hutoa cheche ndani, na cheche ni redio, tena redio mbaya. Kapasita ya kauri iliyoandikwa 104, ikilehemiwa kati ya miguu miwili ya kila mota, inaondoa mitetemeko ya ajabu ambayo watu huilaumu rimoti.

Betri za lithiamu nitazipitia upesi lakini bila mzaha. Chaji kwa chaja yake, nje ya modeli, usiondoke ukaiacha, na ikivimba usiitumie tena. Kichwa cha kifaru hutoka kwa kukizungusha kidogo, kwa hiyo mlango wa betri mnao tayari.

Kinachobaki ni uongozaji, na hapa nina msimamo. Kwa kuwa una mota mbili, unaweza kuzungusha cheni moja mbele na nyingine nyuma, kifaru kikageuka papo hapo pale kilipo. Kila mtu hufanya hivyo siku ya kwanza. Kwa Tiger ni sawa, kwa sababu alikuwa na usukani na mfumo wa gia uliomwezesha kugeuka vile kweli. Lakini Sherman ya Wamarekani haikuweza. Gia zake hazikuruhusu hata cheni moja isimame. Ilitaka duara la mita 18 hivi kugeuka, ambalo kwenye meza ni nusu mita. Mtu anayeizungusha Sherman papo hapo ametengeneza gari la mtoto lililopakwa rangi ya Sherman. Ukiwa na bodi unayoandikia programu mwenyewe, ni mistari michache tu: amri ya kupinda ipunguze kasi ya cheni ya ndani, isiruhusiwe kuishusha chini ya kiasi fulani. Mkono wako utaanza kuendesha kama dereva wa kweli, kupanga kona mapema, kurudi nyuma kidogo, kupinda tena.

Kuzungusha kichwa na kuinua mzinga kunawezekana kwa servo ndogo, mlio wa injini kwa kicheza sauti chenye kadi, taa, moshi. Vyote vizuri. Vyote pia vinakula nafasi, na servo inayonguruma kila inapoinua mzinga huharibu zaidi ya inavyopamba. Mimi ningezungusha kichwa tu, polepole sana, kisha nikaacha.

Na anayetaka kuanza asianze na Tiger, pamoja na maneno yote haya. Ningemwelekeza kwenye kifaru ambacho wazee wengi wa Kagera wanakikumbuka kwa mlio wake: Type 59 wa Kichina, aliyetumiwa na jeshi la Tanzania katika vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Uganda ya Idi Amin, au T-55, ndugu yake wa Kisovieti, ambaye alikuwa upande wa Amin. Seti zao za 1/35 zipo. Wana magurudumu makubwa matano tu kila upande, hayapishani, hakuna vigurudumu vya juu, cheni inalala juu ya magurudumu. Sproketi iko nyuma, kwa hiyo mota zikae nyuma, betri mbele. Mwili wao ni mfupi kwa kimo, kutoka sakafu hadi dari hamtapata hata sentimita 3, na kichwa chao cha mviringo hakina nafasi ya servo ya mzinga. N20 inaingia, betri nyembamba inaingia, basi. Kugeuka papo hapo hawawezi nao, cheni moja husimama na nyingine ikasukuma, kwa hiyo kwenye programu muiruhusu cheni ya ndani ishuke hadi sifuri lakini isirudi nyuma. Na mkifunga magurudumu, kumbukeni kuwa lile pengo kubwa kati ya gurudumu la kwanza na la pili ni la kweli, msilirekebishe.